Ireland karne ya 18: wanawake wa kambini nitawapata wapi?

MtotoWaMuheza

Wakuu, salaam. Najua wengi wa jukwaa hili ni watu wa Majimaji, Mau Mau na biashara ya vipusa, lakini leo nivumilieni, nimekwama na jambo la mbali.

Nipo Dublin, mwaka wa tatu huu. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana nikishalala saa zangu tano nasoma shahada ya pili ya historia. Mhadhiri anayenisimamia anatafiti jinsia na vita katika jamii ya Ireland karne ya 18. Nilimfuata mwenyewe, na sababu yangu itawachekesha: madirisha.

Kuna kambi ya zamani hapa mjini, Collins Barracks, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 na leo ni makumbusho. Ukiingia unakuta ua mkubwa kama uwanja wa mpira, umezungukwa na majengo ya mawe ya kijivu, madirisha yamepangwa kama meno ya chanuo. Nilisimama katikati, manyunyu yananipiga, nikaanza kuyahesabu. Nilipofika kama sitini nikajiuliza: hawa askari si walikuwa na wake? Walilala wapi? Nepi zilianikwa wapi? Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha, "Wanawake walikuwa wapi hapa?" Akanielekeza chooni.

Basi nikaandika pendekezo la utafiti, kurasa nane. Nikawaweka Kit Cavanagh aliyejivika uanaume akapigana Flanders (Ubelgiji ya leo), na Betsy Gray wa Ballynahinch na Mary Doyle wa New Ross, wa uasi wa Waairishi dhidi ya utawala wa Kiingereza, 1798. Nikajiona nimemaliza kazi. Jana nimerudishiwa na mstari mmoja wa penseli pembeni: "Wanawake wako wote wameshika silaha. Wengine wako wapi?"

Sasa nawauliza wenye uzoefu, hao wengine wako wapi? Na ni kweli kwamba nyaraka za Ireland ziliungua zote 1922, kwa hiyo hapa natwanga maji kwenye kinu?

Kachero_Mstaafu

Dogo, huyo mwalimu anakuonea. Kit Cavanagh ni dhahabu tupu! Mwanamke ana baa yake Dublin, mume anapotea, baadaye barua inakuja kwamba yuko jeshini Flanders. Anaacha watoto kwa ndugu, anakata nywele, anavaa suti ya mumewe na kujiandikisha. Anajeruhiwa Landen 1693 akiwa upande wa Mfalme William, na katika vita hiyo hiyo, upande wa Wafaransa, Patrick Sarsfield, jemadari wa Waairishi waliohamia Ufaransa, anapata jeraha lililomuua. Ukisoma kisa chake, kuna binti alimsingizia mimba, naye akalipa matunzo ya mtoto kuliko kujitobolea siri. Mume kaja kumpata 1704, baada ya vita ya Blenheim, yuko na mwanamke wa Kiholanzi! Wenzake hawakujua kitu mpaka Ramillies 1706, alipopasuka fuvu madaktari wakamvua nguo.

Hiyo unaiacha uende kutafuta nepi? Ongezea na wale Wrens wa Curragh, wanawake waliokuwa wanaishi vichakani kando ya kambi. Umemaliza.

BiFaili

Kachero, nakusalimu. Wrens wa Curragh ni karne ya 19, kambi yenyewe ilijengwa wakati wa vita ya Crimea. Kijana akipeleka hiyo, penseli itageuka wino mwekundu.

Mtoto wa Muheza, mhadhiri wako hajakuonea. Mimi si mwanahistoria. Nilikaa masijala miaka 27, dawati la pensheni na mirathi, ofisi sitaitaja. Sasa niko Belfast kwa binti yangu. Wajukuu wakishaingia shule napanda basi, naenda kusoma makaratasi ya watu waliokufa. Binti yangu anasema nimestaafu kazi ili niifanye bure.

Nikueleze nilivyokuwa naona pale dawatini. Mjane hakuja kwangu kusimulia vita. Alikuja kudai. Alikaa kwenye benchi tangu saa moja, zamu yake ikifika anafungua fundo la pindo la kanga, anatoa kimoja kimoja: cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nane hadi mikunjo imetoboka, picha ya marehemu akiwa na sare, barua ya mjumbe, na nauli ya kurudia, ambayo anairudisha kwenye pindo haraka nisije nikadhani ni ya kwangu. Siku hiyo ndiyo namfungulia faili. Miaka thelathini ya ndoa, kambi kumi, watoto saba, na serikali ilikuwa haimjui hata kwa jina.

Ireland ya karne ya 18 ni vivyo hivyo. Usiende kwenye orodha za jeshi kutafuta mwanamke, hayumo. Tafuta posho, pensheni, fidia, deni, chakula. Tafuta mahali alipoomba kitu na karani akalazimika kuandika.

Hata huyo Kit wa Kachero. Kitabu cha maisha yake kilitoka 1740, mwaka mmoja baada ya kufa, na kila mpishi aliyekipitia ametia chumvi. Mimi kinachonifanya nimwamini ni pensheni. Alipewa shilingi moja kwa siku, na kwenye daftari la hospitali ya wanajeshi ya Chelsea, 1717, karani kaandika kwamba ni mama mnene, mchangamfu, aliyepata majeraha kadhaa jeshini akiwa na mavazi ya kiume. Karani yule alimwona kwa macho. Mwenzangu yule, naijua mikono ya watu wa namna hiyo: hawaandiki neno lisilohusu malipo, na siku wakiandika ujue wameshangaa.

Sasa madirisha yako. Mwanamke aliyeolewa kwa ruhusa ya ofisa alilala chumba kile kile na askari wengine, pembeni, nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Huko ndiko alikojifungulia. Alifua nguo za kikosi kwa ujira, alishona, aliuguza, na kwa hayo akapata mgao wa chakula, nusu ya mwanamume. Walioolewa bila ruhusa walipanga vyumba nje ya lango na kujitegemea. Kwa hiyo swali la nepi si la kipuuzi hata kidogo. Aliyezianika ndiye aliyefua na mashati ya kombania nzima.

Na angalia ukubwa wa jambo. Sheria ya 1699 iliweka jeshi la Ireland kuwa watu 12,000, na 1769 wakapandishwa kupita 15,000. Uingereza askari walilazwa kwenye mabaa, lakini Ireland ilijengewa kambi nchi nzima, mji kwa mji. Yaani kuna miji ambayo kwa miaka mia moja haikuamka siku moja bila askari. Hiyo hesabu ni ya wanaume tu. Aliyewauzia maziwa hakuhesabiwa.

Halafu kuna kura, na hapa ndipo nakuomba ukae. Kikosi kikiitwa ng'ambo, kila kombania iliruhusiwa kuchukua wake wachache, mara nyingi sita. Waliobaki na waliokwenda waliamuliwa kwa bahati, vikaratasi vinachotwa kwenye kofia: kwenda, kubaki. Februari 1776 Jenerali Cornwallis wa Uingereza aliondoka bandari ya Cork na meli za askari kwenda kupigana Amerika. Mfikirie mwanamke aliyechota "kubaki" bandarini hapo, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kama angekuwa Uingereza, kulikuwa na sheria ya maskini: angerudi parokia yake, wakamnung'unikia, lakini wakamlisha. Ireland haikuwa na sheria ya namna hiyo mpaka 1838. Hana mahali pa kurudishwa kisheria. Hili mimi lilinikosesha usingizi, maana hata sisi na ubovu wetu wote pale ofisini, mtu tulimwambia aende dirisha la pili. Yeye dirisha la pili hakuwa nalo.

Mfuate alikoangukia. Jumba la maskini la Dublin lililofunguliwa 1773. Hospitali ya watoto waliotupwa, James's Street. Shule ya watoto wa askari katika Phoenix Park, iliyoanzishwa 1769, ambako yatima walipokelewa na, tusidanganyane, wavulana walitayarishwa kuwa askari kama baba zao. Utauona mzunguko wenyewe.

Kuhusu moto: ni kweli, 30 Juni 1922, Four Courts, jengo la mahakama palipohifadhiwa nyaraka, na hasara ilikuwa kubwa mno. Lakini hazikuungua zote. Kilichokuwa kimechapwa kilipona, kwa mfano majarida ya Bunge la Ireland ambamo hesabu za jeshi zilichapishwa. Daftari za wastaafu wa Kilmainham, hospitali ya wanajeshi ya Dublin, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, zinaanzia 1704. Makaratasi ya uasi wa 1798 yalikuwa Dublin Castle, si Four Courts, na sasa yako Bishop Street, hifadhi ya nyaraka ya taifa, kama nusu saa kwa miguu kutoka kwenye madirisha yako. Na tangu 2022 kuna hazina ya mtandaoni ambayo imekusanya nakala za vilivyopotea kutoka maktaba za nchi mbalimbali.

Jambo moja uliweke akilini unaposoma: mjane wa ofisa alikuwa na fungu lake kwa utaratibu. Mjane wa askari wa kawaida hakuwa nalo. Ukikutana na majina mengi ya wajane, usifurahi haraka, hao ni wake za wakubwa.

MtotoWaMuheza

Shikamoo Bi. Nimesoma mara mbili nikiwa kwenye basi la usiku, nikapitiliza kituo.

Blanketi na kamba hiyo imenikamata. Kazini kwangu kuna vyumba vya wazee wawili wawili, tunavuta pazia katikati na kujifanya hatusikii. Sasa mwanamke anajifungua nyuma ya blanketi, wanaume kumi upande wa pili wanacheza karata!

Mwl_Amu

Nami naomba kuingia, kutoka Lamu. Nasomesha Kiswahili, si historia, lakini Bi Faili amesema jambo ambalo nusu yake nalikubali na nusu lanisumbua. Asema mwanamke huingia katika historia siku anapodai. Je, yule asiyekuwa na mahali pa kudai? Mke wa mtu ambaye dola yamhesabu adui?

Chukueni mfano wa Art Ó Laoghaire. Mkatoliki wa Cork, aliyekuwa kapteni katika jeshi la Maria Theresa, mtawala wa Austria, askari farasi wa Kihangari. Akarudi kwao, ana upanga kiunoni na farasi jike wa kutamanika. Sasa kulikuwa na sheria ya 1695: Mkatoliki asimiliki silaha, wala farasi wa thamani ipitayo pauni 5. Mprotestanti yeyote akikupa pauni 5, farasi ni wake, hata awe wa pauni mia. Abraham Morris, aliyepata kuwa sherifu, akamtaka farasi yule kwa bei hiyo. Art akakataa. Tarehe 4 Mei 1773 akapigwa risasi akafa Carriganima, kijana wa miaka 26.

Nawaomba mtazame hilo kama jambo la jinsia. Sheria ile haikuwa ya farasi. Ilikuwa yasema nani aruhusiwe kuonekana mwanamume barabarani. Upanga, farasi, bunduki, cheo cha ofisa: vyote hivyo Mkatoliki alivifuata ng'ambo kwa wafalme wengine, na akirudi navyo nyumbani vinakuwa kosa. Hadi 1793 ndipo aliporuhusiwa cheo cha ofisa katika jeshi la mfalme nchini mwake. Wakati huo huo Waprotestanti, tangu 1778, walikuwa wakijitolea katika vikosi vyao vya hiari, sare zang'aa, na mabibi wakiwakabidhi bendera walizoshona. Ndugu yetu wa Muheza akiandika "jinsia" asiwasahau wanaume. Nao walitengenezwa.

Narudi kwa mjane. Eibhlín Dubh Ní Chonaill, mke wa Art, hakuwa na dirisha la kwanza wala la pili. Alichokuwa nacho ni sauti. Aliomboleza. Farasi alirudi bila mtu, hatamu zaburura chini, naye akaruka mara tatu: kizingitini, langoni, kisha juu ya farasi, hadi alipomkuta mumewe amelala penye kichaka na damu yamtoka, akaikinga kwa viganja akainywa. Maombolezo yale hakuyaandika. Yalikaa vinywani mwa wanawake, na maandishi tuliyo nayo yalichukuliwa baadaye kutoka kinywani mwa mwombolezaji mmoja, Nóra Ní Shíndile. Wala hapakuwa na karani.

Na hili kwa wenzangu wa pwani: kwetu masheikh hukataza mayowe ya msibani, sivyo? Kule mapadre nao walikataza, wakakemea mwaka hadi mwaka. Wanawake wakaendelea.

BiFaili

Mwalimu wa Amu, umenibana na nakubali kubanwa. Kule Wexford, kusini-mashariki, uasi wa 1798 ulikowaka, ndiko nilikoona kwamba makaratasi yangu yana shimo.

Tuanze na 1793. Serikali ilitunga sheria ya wanamgambo, vijana wachaguliwe kwa kura. Watu wakaona ni hila ya kuwapeleka ng'ambo wasirudi, wakaingia barabarani, na ghasia zikaua zaidi ya watu 200. Ndipo ikaongezwa sheria ya posho kwa familia za wanamgambo. Kwangu mimi hiyo ni tarehe kubwa kuliko vita nyingi, maana penye posho pana mtu wa kuuliza "ndoa yenu iko wapi?", na palipoulizwa swali hilo pana karatasi.

Sasa 27 Mei 1798, mlima wa Oulart. Wanamgambo wa North Cork, wengi Wakatoliki, wametumwa kupambana na waasi wa Wexford, ambao nao wengi ni Wakatoliki. Wameuawa zaidi ya 100, wamerudi wachache wa kuhesabu kwa vidole vya mkono. Inasimuliwa kwamba waliomba huruma kwa Kiairishi na wasisikilizwe. Wake zao walikuwa mjini Wexford, walikuwa wamewafuata kama ilivyokuwa kawaida, na habari ilipofika wakakimbia mitaani wakilia. Hawa ni wajane wa upande wa serikali, katika mji ambao siku tatu baadaye ukawa mikononi mwa waasi. Niambieni walikwenda wapi na watoto.

Baada ya uasi, ikaundwa tume ya fidia. Madai yakafika kama pauni milioni moja, karibu nusu yake Wexford peke yake. Ukisoma madai unaona nyumba za watu zimefunguliwa mlango: vitanda, magodoro ya manyoya, ng'ombe, vijiko, mashine ya kusokotea. Wanawake wamo, wanahesabu kijiko kwa kijiko. Lakini fidia ilikuwa ya watiifu tu. Mjane wa mwasi, hata kama nyumba yake ilichomwa moto na askari, hakuwa na cha kujaza. Faili lake halipo kwa sababu hakuruhusiwa kulifungua. Kwa hiyo Mwalimu ana haki: ukifuata makaratasi yangu peke yake utaandika historia ya walioruhusiwa kupanga foleni.

Wachache waliponyoka kwa barua zao. Hapa Belfast tunaye Mary Ann McCracken. Machi 1797 alimwandikia kaka yake Henry Joy, mmoja wa viongozi wa waasi, akiwa gerezani Kilmainham, akimhoji juu ya uhuru wa wanawake: mnaotaka uhuru wa watu, wanawake nao ni watu? Mwaka uliofuata, 17 Julai, akamsindikiza kwa miguu kwenda kunyongwa. Kisha akamlea binti ambaye Henry Joy alimzaa nje ya ndoa, na hapo nadhani ndugu wengi walikunja pua. Alikufa 1866 akiwa na miaka 96, na uzeeni alikuwa bado anasimama bandarini kugawa karatasi za kupinga utumwa. Lakini huyo alikuwa na elimu, wino, na familia yenye biashara. Mke wa mkulima aliyekufa na mkuki wake Vinegar Hill, mlima wa Wexford waasi waliposhindwa, sijui nimwambie nini.

MtotoWaMuheza

Nimeshaona. Mashujaa wanakaa aya moja, wasinuniwe. Kazi yenyewe iwe mwanamke wa Cork 1776 na mwanamke wa Wexford 1798: mmoja amechota "kubaki", mwingine hana fomu. Na Art na farasi wake mwanzoni, ili mhadhiri ajue nimeelewa kwamba wanaume nao wamo.

Bi, Jumanne niko mapumziko. Nikienda Bishop Street nianze na nini?

BiFaili

Marahaba, mwanangu, sikuitikia mwanzo. Lala kwanza, usiende umetoka zamu moja kwa moja. Mwandiko wa karne ya 18 na usingizi havikai pamoja.

Chukua kitambulisho na barua yenye anwani yako, watakutengenezea kadi ya msomaji. Anza na orodha ya makaratasi ya uasi, usome majina tu siku ya kwanza, usinakili kitu. Kila ukiona barua iliyoandikwa na mwanamke, andika namba yake pembeni. Jioni uhesabu ni ngapi zinazoanza kwa kuomba kitu.

Na begi utaliacha kwenye kabati mlangoni, kwa hiyo weka mfukoni penseli mbili. Kalamu ya wino hawakuruhusu.